Wasomaji Wanauliza: Anime iliyotoka kwenye gemu, alama tutoe lini?

SWALI: Sisi ni vijana watano wa Ngamiani, Tanga, tunaangalia anime (katuni za Kijapani) pamoja na kuzipa alama. Tumefika sehemu ya 6 ya Steins;Gate. Watatu wanataka kuipa 4 kati ya 10 kwa sababu watu wanapiga soga tu chumbani. Mwenzetu aliyecheza gemu lake anasema tusubiri. Nani ana haki?

JIBU: Mwenzenu, mradi asiwatobolee siri. Gemu hilo lilitoka Japani mwaka 2009, na si la kupigana wala kukimbia, ni la kusoma. Mchezaji anashika simu ya Okabe, mhusika mkuu: meseji hii aijibu au aipotezee? Hapo ndipo hadithi inapogawanyika, kila njia na mwisho wake. Anime ya 2011, ya studio ya White Fox, haina mchezaji. Basi pimeni kwanza hili: uamuzi uliokuwa mkononi mwa mchezaji, sasa anaubeba nani? Mhusika akitenda jambo ili hadithi isogee tu, kateni alama.

Chukueni daftari, mchore safu mbili. Kushoto andikeni kila meseji inayotumwa kwenda wakati uliopita: nani kaituma, na alitaka nini. Meseji hizo zina kikomo cha baiti 36 (baiti ni kipimo cha ukubwa wa data) na hufika zimekatwa vipande vitatu, yaani herufi 6 tu za Kijapani kwa kila kipande. Mtumaji anabanwa aandike kama telegramu. Safu ya kulia iacheni wazi. Mtaanza kuijaza baada ya sehemu ya 15, na mtajikuta mnaisoma ya kushoto kutoka chini kwenda juu. Ndizi inayogeuka rojo la kijani kwenye maikrowevu nayo iandikeni. Sasa hivi ni kichekesho.

Hao watatu hawajakosea kila kitu. Soga za Okabe na rafiki yake Daru zinajirudia kweli, na sehemu za 3 hadi 6 zimelegea. Kateni alama moja kwa hilo, si sita.

Sehemu ziko 24, kila moja dakika kama 24, na nyimbo za mwanzo na mwisho zinakula 3. Ya 12, 13 na 14 zipangieni usiku mmoja, maana ya 12 inakatia pabaya. Na mkikuta sehemu za 23 mbili kwenye flashi, anzeni na ya 2011. Ile nyingine ni ya 2015, nayo inaelekea kwenye Steins;Gate 0 ya 2018.

SWALI: Na sayansi yake, ni ya kweli? (Msomaji, Raskazone)

JIBU: Nusunusu. IBN 5100 ya kwenye hadithi ni IBM 5100, kompyuta halisi ya 1975, iliyobadilishwa herufi moja. SERN nayo ni CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, kwa mtindo huohuo. Lakini mashine ya CERN, tofauti na ya kwenye hadithi, haijaonekana ikitoa shimo jeusi hata dogo. Fizikia msiitolee alama. Pimeni utii: kanuni iliyowekwa mapema inaheshimiwa hadi wapi? Katika sehemu ya 23 kuna ujumbe utakaokuja mzito kuliko baiti 36. Simamisheni hapo mbishane: umepewa sababu ya kutosha, au waandishi wamejisahau?