Nafaidika nini kufundisha vijana?

SWALI: Shikamoo shangazi, mi ni ticha wa hesabu kidato cha pili huku Singida, wanafunzi wa umri huu wananichanganya, leo mnacheka nao kesho wamenuna, washkaji zangu wa benki wananiuliza nafaidika nini na sina jibu. Alafu mwalimu wangu wa zamani kastaafu, natamani kumshukuru ila naona aibu.

JIBU: Marahaba mwanangu. Faida yako haiko kwenye salari slipu, iko kwa yule binti wa dawati la nyuma anayeficha daftari kwa mkono usione majibu yake (kila darasa linaye), alafu siku moja anainuka mwenyewe mpaka ubaoni, anakosea mstari wa pili, anafuta kwa kiganja na kuendelea bila hata kukuangalia, sasa raha hiyo washkaji zako kule benki wataipata wapi? Miaka 14, 15 ndo mtu anaanza kuamua yeye ni nani, na we uko palepale unaona. Peter Tabichi, mwalimu wa sayansi wa sekondari ya Keriko, Nakuru, Kenya, alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani 2019, dola milioni 1, na shule yake ni ya kijijini, kwa hiyo usiidharau ya kwako.

Kuhusu mwalimu wako, aibu ya nini jamani? Usisubiri Oktoba 5 Siku ya Walimu, mpigie wiki hii, na usiishie kwenye asante kwa yote, mtajie kitu kimoja alichokufanyia na umwambie na we sasa unafundisha. Ukipata nafasi nenda kabisa, beba sukari, mkae mpige stori.