Walimu wa mazoezi, haidrojeni imekwenda wapi?

Juzi nilikaa nyuma ya darasa, Kidato cha Tano PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati), hapa Moshi. Mwalimu wa mazoezi akaandika ubaoni kwamba molekuli ya naitrojeni chumbani inakwenda mita 16 kwa sekunde, akapiga mstari mara mbili. Bodaboda inayoshuka kutoka Kibosho inaipita! Wadogo zangu, kila mwaka ni makosa haya haya.

1. Uzito wa moli uwe kwa kilo: 0.028, si 28. Kwa Kelvini 300 kasi ya wastani ni kama mita 517 kwa sekunde.

2. Joto ni Kelvini. Ukiweka 27 ya Selsiasi unapata 155, na hilo ndilo baya zaidi kwa sababu lina sura ya jibu.

3. Wastani si kikomo. Hapa naomba mnivumilie.

Mwaka wangu wa mazoezi andalio la somo lilikuwa safi, na msimamizi kutoka chuo alikaa karibu na dirisha na fomu yake. Nikakokotoa kasi ya wastani ya haidrojeni: mita 1,934 kwa sekunde. Kasi ya kuponyoka Duniani, yaani ile ambayo kitu kikiifikia kinatoka na hakirudi: kilomita 11.2 kwa sekunde. Nikageuka kwa madaha, nikatangaza haidrojeni haitoki, nikaandika IMEFUNGWA kwa chaki nyekundu. Binti mmoja ambaye sikuwahi kusikia sauti yake akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu, kama haitoki, mbona hewani hakuna?"

Nikajibu iliungua. Sijui niliitoa wapi.

"Mwalimu, wastani wetu kwenye jaribio ulikuwa 38. Lakini si kuna aliyepata 91?"

Darasa likaangua kicheko. Msimamizi akainama, akaandika kwa muda mrefu. Nilifuta ubao kwa kiganja, na ule wekundu nilifika nao stendi.

Wanaotoka ni hao wenye 91. Huko juu, kilomita 500 hivi, hewa ni haba kiasi kwamba molekuli yenye mbio haikuti wa kuigonga njiani. Joto huko hufika Kelvini 1,000, na wastani wa haidrojeni ni kilomita 3.5. Wachache wenye mara tatu ya hapo wanaondoka. Waliobaki wanagongana, wanapatikana wenye 91 wengine, nao wanaondoka. Fanya hivyo miaka bilioni kadhaa. Ndiyo maana tunasema gesi ikae, kasi ya kuponyoka iwe walau mara sita ya wastani. Naitrojeni yetu, kwa joto la chumbani, ni zaidi ya mara 21.

4. Msiseme sayari au mwezi fulani "ni ndogo, haina hewa" mkaishia hapo. Kasi ya kuponyoka Mwezini ni kilomita 2.4 kwa sekunde, na kwenye Titan, mwezi wa sayari ya Zohali, 2.6, karibu sawa. Lakini mchana Mwezini hufika Kelvini 390, naitrojeni inakimbia mita 590: mara nne tu. Titan ni Kelvini 94, mita 290: mara tisa. Imejaa naitrojeni, na mgandamizo wake unauzidi wa kwetu.

5. Mtaulizwa kama hewa ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni haba kwa sababu imetoroka. Tuko Moshi, mtaulizwa tu. Hapana: ukiwa mita 5,895, hewa iliyobaki juu yako ni karibu nusu, basi.

6. Chaki nyekundu acheni kwanza.

Na wewe wa mita 16, kesho saa nne njoo ofisini, chai ipo. Njoo na kikokotoo.