Re: Usaili wa Mjiolojia Daraja la II, wanauliza nini kwenye written?

Mkuu umeuliza kama ukikariri definishen za mwaka wa kwanza zinatosha, hazitoshi kabisa. Mimi nilivyofanya, swali lililoangusha wengi lilikuwa la ramani, unapewa kontua (mistari ya mwinuko wa ardhi) na mipaka ya miamba alafu uchore seksheni, yaani ardhi inavyoonekana ikikatwa wima, uonyeshe tabaka zimelala upande gani, sasa kama hujashika penseli tangu fildi utatoka jasho.

Soma sana jiolojia ya hapa nyumbani. Ujue kwanini dhahabu ya Geita iko kwenye grinistoni (miamba ya volkano iliyobadilika ikawa ya kijani) za kratoni ya kale (kipande kikongwe na imara cha bara), zenye zaidi ya miaka bilioni 2.5, na kwanini tanzanaiti ya Mererani inatoka kwenye ukanda wa Msumbiji (mkanda wa miamba unaopita mashariki mwa Afrika, si nchi yenyewe) ambako miamba ilipikwa upya kwa joto na presha. Oldoinyo Lengai usiiache, ndo volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya kaboneti yenye sodiamu, joto lake kama nyuzi 500 hadi 600 tu wakati lava ya basalti, ile ya kawaida, inafika 1,100 na zaidi, inatoka nyeusi ikipata unyevu inageuka nyeupe.

Oral nako jiandae, niliwekewa jiwe jeusi linang'aa nikataka kusema magnetaiti (madini ya chuma), nikalisugua kwanza kwenye kigae cheupe likaacha unga mwekundu wa kahawia, kumbe hematiti, madini mengine ya chuma. Usitaje jina kabla hujalipima.

Usaili wako lini na kituo gani? Nina karatasi za mazoezi ya seksheni, nicheki inbox nikutumie.