Mbali na Mashua

SWALI: Mhariri, tunatarajia kukaa siku nne kando ya ziwa la milimani. Mashua na kupiga picha tumekwisha kuvizoea. Je, kuna shughuli ambazo wageni wengi hawazifahamu?

JIBU: Zipo, na niipendayo zaidi ni kupima ung'avu wa maji. Chukueni sahani nyeupe, ifungeni pamoja na jiwe kwenye kamba yenye fundo kila nusu mita, kisha ishusheni polepole kutoka gatini, upande wenye kivuli, mkihesabu mafundo hadi isionekane tena. Mtaalamu wa nyota wa Italia, padri Angelo Secchi, alitumia sahani ya namna hiyo baharini mwaka 1865, na wachunguzi wa maziwa hawajaiacha. Rudieni kipimo karibu na mdomo wa kijito baada ya mvua, nanyi mtaona tofauti. Maji yakiwa ya rangi ya feruzi, huenda yamebeba unga wa miamba iliyosagwa na barafu.

Anayependa utulivu aamke alfajiri, kabla jua halijapasha miteremko joto na kuamsha upepo unaovuruga uso wa ziwa. Usiku usio na mbalamwezi, tazameni nyota. Msisahau makoti mazito.