Mashine ya kadi kwa gesti ndogo: kabla hujasaini hiyo 2.5% soma hapa

Mkuu umeuliza gesti yako ya vyumba 5 Nungwi, Zanzibar, uchukue mashine ya benki waliokwambia makato 2.5% au ile kampuni ya malipo inayotaka 3.5%, na naona wengi wameshakujibu chukua 2.5 maana ni ndogo. Mimi nina vyumba 6 Jambiani, huu mwaka wa saba, nimeshatumia watoa huduma watatu tofauti, nakuomba usisaini kwanza.

Hiyo 2.5 walikwambia na kodi ya mashine? Yangu ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo, asilimia nzuri, kumbe mashine unailipia 40,000 kila mwezi uuze usiuze. Sasa piga hesabu. Mwezi wa 4 na wa 5 masika yameshika, wageni wa kuhesabu, tuseme umepitisha milioni 2 tu kwenye kadi. 2.5% ni 50,000, jumlisha kodi 40,000, imekutoka 90,000. Yule wa 3.5% asiye na kodi angekukata 70,000. Wanakuja kuwa sawa ukifika milioni 4 kwa mwezi, hapo wote 140,000, ukipita hapo ndo benki inakuwa nafuu. Kwa hiyo fungua daftari lako la mwaka jana uangalie kadi tu, sio mauzo yote, maana wageni wa kutoka bara watakulipa kwa lipa namba na wapo wa keshi. Uliza pia VAT imo ndani ya hiyo asilimia au inaongezwa juu, na kadi za nje zinakatwa ngapi, maana mara nyingi kadi ya nje makato yake ni makubwa kuliko kadi ya benki za hapa na Nungwi hao ndo wateja wako. American Express ulizia peke yake, mashine nyingi haziipokei.

La pili hela inaingia lini. Wakikwambia siku 2 za kazi ujue mauzo ya Ijumaa usiku unaweza kuyaona Jumanne, na skukuu ikiingia katikati ndo basi tena. Samaki wa mnadani anataka keshi asubuhi ile ile, mafuta ya boti keshi, vibarua keshi. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa na hela nyingi kwenye mashine na mfukoni sina kitu, nikawa nakopa dukani kwa jirani wakati gesti imejaa. Halafu kuna mashine lazima uifunge siku mwenyewe, unabonyeza inatoa ripoti ya mwisho wa siku, usipofunga mauzo hayaendi benki. Kijana wangu wa mapokezi hakuifunga siku 3 tunashangaa hela haiji. Uliza kama inajifunga yenyewe usiku, ni swali dogo lakini lina faida kubwa.

Ila kilichoniuma zaidi, na ndo sababu naandika refu hivi, ni mteja kurudishiwa hela yake kupitia benki yake. Wenyewe wanaita chajibeki. Mgeni akienda benki kwao akasema hii hela siitambui au huduma sikupata, hela inachukuliwa kwako kwanza alafu ndo unaambiwa ujitetee. Kwa taratibu za Visa na Mastercard madai mengi yana siku 120, na kwa aliyelipia huduma ya mbele hizo siku zinaweza kuhesabiwa kuanzia tarehe aliyotakiwa kuja, sio aliyolipa. Yaani mtu kalipa mwezi wa 1 kwa ajili ya mwezi wa 8, hiyo hela unakaa nayo roho juu mpaka karibu mwisho wa mwaka.

Mimi walinilipa mke na mume kwa linki ya malipo, ile unamtumia mgeni analipa kwa kadi akiwa huko huko kwao, usiku 4, jumla 1,200,000. Hawakuja, wakasema ndege. Nilishawaambia mapema kwamba ndani ya siku 7 hakuna kurudisha, lakini niliwaambia kwa sauti ya WhatsApp, hakuna mahali waliposaini wala kubonyeza kukubali. Baada ya miezi 2 nafungua akaunti, milioni na laki 2 zimekatwa kwenye malipo yaliyokuwa yanafuata, na ada ya mgogoro juu yake. Yule mtoa huduma alikuwa ofisi yake nje ya nchi, kila kitu kwa imeili, na imeili ya kuniambia nipeleke ushahidi ndani ya siku 7 ilikuja kwenye anwani ya zamani niliyosajilia. Nilipoiona muda umepita. Hakuna mtu wa kumpigia simu. Hiyo ndo ilikuwa hela ya makuti ya banda la kulia chakula kabla ya msimu, tukaingia mwezi wa 7 wageni wanakula ndani.

Ndo maana swali langu la kwanza kwa mtoa huduma yeyote sa hivi ni hili: mteja akipinga malipo nani ananipigia, kwa namba gani, na nina siku ngapi? Asiye na jibu sichukui hata akinipa 2%.

Kwenye linki hakikisha mteja anaombwa na benki yake OTP, ile namba ya siri ya mara moja, wakati analipa, ikishapita hiyo akija kusema kadi yake iliibiwa mzigo kwa kawaida unabaki kwa benki yake. Haikusaidii akisema huduma hakupata, hapo inakusaidia ile sehemu ya kubonyeza nimekubali masharti, iwepo kabla ya kulipa. Na usikubali mgeni akutumie picha ya kadi yake WhatsApp uingize namba kwa mkono, wala usiandike zile tarakimu 3 za nyuma kwenye daftari, kuzihifadhi hairuhusiwi kabisa na likitokea tatizo ni lako.

Kingine kifupi, mashine zingine zinamuuliza mgeni alipe kwa shilingi au kwa hela ya kwao. Akichagua ya kwao rate mara nyingi inamuumiza. Mpe mashine achague mwenyewe, mfanyakazi asimbonyezee. Bei zako zenyewe ziwe za shilingi, kanuni za fedha za kigeni za Machi 2025 zinataka hivyo.

Sa hivi natumia benki yenye tawi mjini, nakatwa 3%, kodi hawachukui nikifikisha kiwango chao, na linki wamenipa hao hao. Mwaka jana mgeni mwingine alipinga malipo ya usiku 3. Afisa wa tawi akanipigia siku ile ile, nikapeleka fomu ya kujisajili yenye sahihi yake, risiti ya mashine aliyoweka kadi na PIN, na meseji alizoandika akiwa chumbani anaomba taulo. Baada ya wiki 5 hela ikarudi yote.

Hiyo fomu nikikaa kwenye kompyuta ntakuwekea hapa, ubadilishe jina uitumie.