Sultanahmet: Anza Uwanjani, Kisha Ingia Makumbushoni

Wageni wengi wanaofika Sultanahmet, mtaa wa kale wa Istanbul, hukimbilia foleni ya Ayasofya, kanisa la kale lililogeuzwa msikiti, na kuukatiza uwanja wa kale wa mbio za farasi bila hata kugeuza shingo. Mimi humshauri anayekwenda kwa mara ya kwanza auanze uwanja huo asubuhi na mapema, kabla ya mabasi ya watalii, kwa sababu vilivyobaki pale nje vina vipande vyake vingine ndani ya makumbusho.

Tazama nguzo ya shaba ya nyoka watatu waliosokotana. Wagiriki waliiweka Delphi, mahali pao patakatifu, baada ya kuwashinda Waajemi huko Plataea mwaka 479 KK, na Konstantino, mfalme wa Roma, akaihamishia katika mji wake mpya, ndio Istanbul ya leo. Nyoka hao hawana vichwa, na asiyejua habari zao ataidhania nguzo hiyo bomba kuukuu. Lakini taya la juu la mmoja wao limo katika Makumbusho ya Akiolojia, karibu na bustani ya Gülhane, na aliyekwisha kuiona nguzo hawezi kulipita vivi hivi.

Jirani yake ni jiwe refu la Farao Thutmose III, lililosimamishwa hapo na mfalme wa Roma Theodosio wa Kwanza mwaka 390. Usiishie kupiga picha ya ncha yake. Inama ukitazame kitako cha marumaru, ambapo Theodosio amechongwa akiwa jukwaani, taji la mshindi mkononi. Maandishi ya Kilatini yanasema kazi ya kulisimamisha ilichukua siku 30, ya Kigiriki yanasema 32. Yaonekana hata enzi zile taarifa za ujenzi hazikuwiana.

Jua likiwa kali, teremka katika birika la chini ya ardhi lenye nguzo 336. Ayasofya, iliyorudishwa kuwa msikiti mwaka 2020, usiipangie Ijumaa mchana, wala kasri la Topkapı Jumanne, kwani siku hiyo hufungwa.

Muda mrefu zaidi yape Makumbusho ya Akiolojia. Huko kuna kitako cha sanamu ya Porphyrios, dereva mashuhuri wa magari ya farasi, kilichotoka uwanja uleule, na jeneza la mawe liitwalo la Aleksanda Mkuu, ingawa hakuzikwa humo, ambalo bado lina mabaki ya rangi. Kabla ya kukata tiketi, uliza dirishani ni kumbi zipi zimefungwa kwa ukarabati.