Maswali na Majibu: Msingi wa Ngazi za Bustani Mahali Toroli Haifiki

Fundi, bustani yetu iko mteremkoni nyuma ya nyumba na kinjia chake ni cha mtu mmoja. Siwezi kuweka mawe bapa juu ya udongo tu, nikaepuka kubeba kokoto?

Unaweza, na yatakaa sawa mpaka mvua zianze. Udongo wa juu, ule mweusi wenye mizizi, hulegea ukilowa na hunywea ukikauka, na jiwe linacheza nao. Uondoe wote mpaka ukute udongo mgumu ambao jembe halijawahi kuugusa, kisha weka kokoto zibaki unene wa sentimita 10 baada ya kushindiliwa.

Kabla hujakata tamaa, piga hesabu. Kidato chenye upana wa sentimita 90 na kina cha 40, mbele hadi nyuma, kinakula lita 36 za kokoto. Vidato 10 ni lita 360, na ukiongeza robo kwa sababu zinashuka zikishindiliwa, unapata lita 450. Hizo ni ndoo 45 za lita 20 zilizojazwa nusu, kila moja kama kilo 15. Watu wawili, kila mmoja na ndoo mbili, wanazimaliza kwa safari 12. Ndoo iliyojaa mimi siibebi tena mteremkoni. Niliteleza nayo siku moja, nikashinda mchana kutwa naokota kokoto kwenye maua.

Kama gari linafika upande wa juu, pasua bomba pana la plastiki kwa urefu, lifunge kwenye vigingi, uziteremshe humo. Hakikisha tu hakuna mtu chini.

Nianzie juu au chini?

Chini, kwa sababu kila kidato kinaegemea kilicho chini yake. Ila vipimo vifanye kwanza. Laza ubao ulionyooka kutoka juu ya mteremko, uweke pima maji juu yake, kisha pima kwenda chini mpaka usawa wa ardhi. Mteremko mrefu upime kwa vipande. Ukipata sentimita 160, gawa kwa 16, kimo cha kidato kimoja, una vidato 10. Kwa kina cha kukanyagia, mbele hadi nyuma, zidisha kimo mara mbili, toa jibu hilo kwenye 63. Hapa utapata 31. Vimo vyote vilingane. Mguu hushika mwendo upesi, na kidato kimoja kilichozidi sentimita mbili kinatosha kumwangusha mgeni.

Udongo niliokata juu, naweza kuujazia chini palipopungua?

Usiujazie chini ya kidato. Udongo uliochimbuliwa huendelea kushuka kwa miezi mingi. Palipopungua jazia kokoto, au kata zaidi ndani ya mteremko. Udongo uliobaki unafaa matuta ya maua.

Mashine ya kushindilia haipiti. Nifanyeje?

Hata ingepita, kwenye kidato kidogo ingekusumbua. Chukua kopo la rangi la lita 4, lijaze zege, simika katikati bomba la chuma linalokufika kifuani. Zege likikomaa una kishindilio cha karibu kilo 10. Shindilia kwa tabaka la sentimita 5 hadi 7, ukinyunyiza maji kidogo. Ukimwaga sentimita 15 kwa mkupuo, juu patakaza na chini patabaki pamelegea. Kanyaga kwa kisigino. Kikiacha alama, endelea.

Kokoto ziwe za kupasuliwa, zenye ncha, zikiwa na vumbi lake. Zile laini za mtoni ni nzuri kutazama lakini haziumani, zinaviringika kama gololi.

Zege ni lazima?

Kwa kidato cha kwanza cha chini, mimi sikwepi. Ndicho kinachozuia vingine visiteleze. Chimba sentimita 20, weka zege la saruji 1, mchanga 3, kokoto 6. Saruji ya kilo 50 igawe kwenye mifuko miwili, maji yalete kwa mpira, changanyia papo hapo. Limwagilie maji siku 7. Vidato vingine kokoto zinatosha.

Udongo wetu ni wa mfinyanzi, mvua ikinyesha unakuwa tope.

Tandaza chini ya kokoto kitambaa kinene cha kuchuja, kinachopitisha maji na kuzuia tope lisipande. Kila kidato kiinamishe mbele kidogo, sentimita 1 kwa kila 50. Halafu chimba mfereji upande wa juu wa ngazi, ukingamie mteremko, upeleke maji pembeni. Watu huusahau huu mfereji, kisha wanamlaumu fundi.

Juu ya mteremko kuna ufa mrefu uliopinda. Nikate tu?

Hapana. Ufa wa namna hiyo, miti iliyoinama au maji yanayochuruzika wakati wa kiangazi ni dalili kwamba ardhi yenyewe inatembea. Weka beleshi chini, muite mhandisi aione kwanza.